Maumivu ya Viungo Si Kodi ya Uzee

Maumivu ya viungo ni miongoni mwa maradhi yanayovumiliwa muda mrefu zaidi kusini mwa Pwani ya Kenya, na huvumiliwa hivyo ilhali tiba yake ipo, kwa kuwa jamii, na mara nyingine hata wahudumu wa afya, wamezoea kuyahesabu kuwa sehemu ya umri. Mzee wa Tiwi akilalamika kuhusu goti huambiwa kwamba huo ndio utu uzima. Mkulima wa mwani wa Kibuyuni anayeshindwa kuinuka baada ya kuinama tangu maji yalipokupwa huambiwa apumzike. Na kijana wa Kinango anayechechemea kwa maumivu ya nyonga hudhaniwa kuwa aliumia mpirani au ametupiwa jambo. Mazoea hayo yana makosa mawili makubwa. La kwanza ni kuyakusanya magonjwa yaliyo tofauti chini ya jina moja na kuyatibu yote kwa tembe zile zile. La pili ni kumwachia mgonjwa njia mbili tu, ama dawa ya kutuliza maumivu inayonunuliwa dukani Ukunda, ama upasuaji wa gharama kubwa unaofanyika mbali na kwao, kana kwamba baina ya hizo mbili hakuna kitu. Makala haya yanashikilia kwamba baina hapo ndipo ilipo tiba ya walio wengi, kwamba upasuaji wa kubadilisha kiungo ni haki ya wale wanaouhitaji kwa kweli, na kwamba Kaunti ya Kwale, yenye wakazi 866,820 kwa hesabu ya sensa ya 2019, inaweza kuzipanga huduma hizo kwa utaratibu kwa kuanzia na ilichonacho.

Kiungo, kwa maana ya kitabibu, ni mahali ambapo mifupa miwili au zaidi hukutana ili mwili upate kujongea. Ncha za mifupa hiyo hufunikwa na gegedu, yaani tabaka jeupe, laini na la kuteleza linalozuia mfupa kusagana na mfupa. Nafasi iliyobaki kati yake huwa na ute unaolainisha mwendo, na yote hayo hushikiliwa pamoja na kano na misuli. Gegedu halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo hujirekebisha kwa shida sana linapoharibika: likishakonda na kuchanika, mfupa ulio chini yake hukakamaa, pembeni huota vijifupa, utando wa ndani huvimba, na misuli inayozunguka kiungo hudhoofika kwa kutotumiwa. Hali hiyo ndiyo ostioathraitisi, ambayo kwa maneno mepesi ni uchakavu wa viungo, na ndiyo iliyoenea kuliko magonjwa mengine yote ya viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi nayo, goti likiwa kiungo kinachoathirika zaidi, na kwamba takriban asilimia 60 ya wagonjwa hao ni wanawake.

Umri huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu, lakini umri peke yake hautoshi kuueleza, kwa kuwa uzito wa mwili, majeraha ya zamani, urithi na aina ya kazi vina sehemu kubwa. Kazi za Kwale ni kazi za magoti na nyonga. Mwanamke anayekuna nazi hukaa juu ya mbuzi, kibao kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, magoti yakiwa yamekunjwa hadi karibu na kifua, akainuka kuiendea sufuria, kisha akarudi chini tena; na goti lililokunjwa kiasi hicho huhimili mgandamizo mkubwa kuliko linapotembea mahali tambarare. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni na Mkwiro huinama kwa saa kadhaa wakati wa bamvua, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, kisha hubeba magunia yaliyolowa hadi ufukoni. Wakwezi wa minazi, wavuvi wanaosukuma vyombo juu ya mchanga, na watumishi wa hoteli za Diani wanaopanda na kushuka ngazi na shuka mikononi, wote hulipa kwa viungo vyao. Kwa vijana imeongezeka ajali ya bodaboda; mfupa ukivunjika ndani ya kiungo na usiungwe sawasawa, ajali hiyo huweza kumletea mtu wa miaka 30 goti lenye hali ya mtu wa miaka 70.

Hata hivyo, si kila kiungo kinachouma kimechakaa. Upo ugonjwa wa baridi yabisi, ambao kinga ya mwili hukosea adui na kuushambulia utando wa viungo, ukaanzia mara nyingi kwenye vidole vya mikono yote miwili, na ambao usipotibiwa mapema kwa dawa zinazotuliza kinga hiyo huiharibu mifupa bila kurudi nyuma. Upo jongo, unaosababishwa na asidi ya yuriki inayozidi katika damu na kuganda kama chembe kali ndani ya kiungo, aghalabu katika kidole gumba cha mguu, maumivu yakimwamsha mgonjwa usiku. Kipo pia kifua kikuu cha mifupa na viungo, ambacho huvimbisha nyonga au goti polepole bila joto kali, na ambacho hupona kwa dawa za kifua kikuu. Lakini pamoja na hayo, kusini mwa Pwani yapo magonjwa mawili yanayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu yana makao hapa na kwa sababu huwashika hata watu ambao umri wao haulingani na dhana ya uzee.

Wa kwanza ni chikungunya. Virusi vyake vilitambuliwa kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, vikaibuka Lamu mwaka 2004, na Mombasa kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Hubebwa na mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana na kuzaliana ndani ya maji yaliyotuama kwenye matairi, ndoo, mapipa na vifuu nyumbani mwa watu, hali ambayo watafiti wameikuta sana Ukunda. Homa yake hupita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo vya mikono, vifundo vya miguu na magoti huweza kuendelea kwa miezi, na kwa baadhi ya wagonjwa hata miaka. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo, na tiba ni kutuliza maumivu na kuurudisha mwendo wa viungo taratibu. Ila lipo jambo ambalo kila duka la dawa la Pwani lapaswa kulijua, kwamba homa ya dengi husambazwa na mbu huyo huyo na huanza kwa dalili zinazofanana, nayo huweza kusababisha kutokwa damu, hivyo mgonjwa mwenye homa na maumivu ya viungo asipewe ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kabla dengi haijaondolewa katika mashaka. Katika siku hizo dawa iliyo salama zaidi ni parasetamoli kwa kipimo chake, pamoja na maji ya kunywa kwa wingi.

Wa pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao umeenea zaidi Pwani na Magharibi mwa Kenya. Chembe nyekundu za mgonjwa hujipinda na kukakamaa, zikaziba mishipa midogo, na miongoni mwa sehemu zinazokosa damu kwa wepesi ni kichwa cha fupa la paja, yaani ile sehemu ya mviringo inayoingia ndani ya kikombe cha nyonga. Mfupa uliokosa damu hufa, kisha hubonyea, na kijana wa miaka 18 au 25 huanza kuchechemea kwa maumivu ya kinena ambayo mara nyingine huhisiwa gotini, hata goti likapigwa picha mara kadhaa huku ugonjwa ukiwa nyongani. Ugonjwa ukigunduliwa kabla mfupa haujabonyea, lipo linaloweza kufanywa: kupunguza uzito juu ya mguu huo kwa magongo, kuidhibiti selimundu yenyewe kwa dawa kama haidroksiyurea, na kwa baadhi ya wagonjwa kuutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo lililo ndani yake. Ukigunduliwa baada ya mfupa kubonyea, mara nyingi hubaki kubadilisha nyonga. Kwa hiyo kila kliniki ya selimundu inapaswa kuuliza kuhusu nyonga kila mgonjwa anapohudhuria, na kumtuma apigwe picha mara tu mwendo wake unapobadilika.

Haya yote yanaonyesha kwamba tiba ya viungo huanza kwa kuutambua ugonjwa, na sehemu kubwa ya utambuzi huo haihitaji mashine ghali. Tabibu wa zahanati anaweza kumuuliza mgonjwa viungo hukakamaa kwa muda gani asubuhi, kwani ukakamavu unaopita chini ya nusu saa huelekea uchakavu, na unaodumu zaidi ya hapo huelekea baridi yabisi na magonjwa ya jamii yake. Anaweza kuuliza kama homa ilitangulia, kama viungo vinavyouma ni vya pande zote mbili, na kama nyumbani kuna mwenye selimundu. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kikawa na joto na kikakataa kabisa kujongezwa, hasa pamoja na homa, ni jambo la dharura, kwa sababu usaha ndani ya kiungo huweza kulila gegedu kwa siku chache. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asisubiri kukandwa.

Kwa wenye uchakavu wa goti au nyonga, ambao ndio walio wengi, tiba ya kwanza yenye ushahidi wa nguvu kuliko zote ni mazoezi. Neno hili huwashangaza wagonjwa wengi, kwa kuwa mtu anayeumwa huona busara kupumzisha kiungo, lakini misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolipokea pigo la kila hatua kabla halijafika kwenye goti, na misuli hiyo ikisinyaa goti hubaki bila mlinzi. Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi. Mgonjwa hukaa kwenye kiti imara, hunyoosha goti moja mpaka mguu ulingane na paja, huukaza hapo kwa muda wa kuhesabu hadi 5, huushusha polepole, kisha hurudia mara 10 kwa kila mguu. Baadaye hujizoeza kusimama kutoka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kuketi tena bila kujiachia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya madhara iwapo hutulia baadaye, na faida huonekana baada ya wiki kadhaa za kudumu nayo. Kuyasimamia mazoezi hayo, na kuyapimia kila mgonjwa kwa hali yake, ndiyo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba inayourudisha mwili katika mwendo wake kwa mazoezi, mkao na mikono, na Kwale ina bahati ya kuwa na chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC hapo hapo Msambweni, kinachoweza kushirikishwa katika kazi hiyo.

Pamoja na mazoezi huja kupunguza uzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua, hivyo mtu aliyepunguza kilo 5 hulitua goti lake kilo 20 kila anapokanyaga. Kwa upande wa vifaa, mkongojo ulio na urefu unaofaa, ambao mshikio wake hufika usawa wa kifundo cha mkono mtu akisimama wima, husaidia sana ukishikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Wazee wengi huushika upande ule ule wa maumivu, na hivyo huukosa msaada wake. Kigoda kilichoinuliwa, meza ya kukatia mboga, na mashine ya kukunia nazi ya kusimamia ni mabadiliko madogo ya jikoni yanayopaswa kuhesabiwa kuwa tiba.

Dawa zina nafasi yake, nayo ni ya kumwezesha mgonjwa kufanya mazoezi na kulala. Kwa goti, jeli ya kupaka yenye dawa ya kupunguza uvimbe, kama diklofenaki, inafaa kuanza nayo kwa sababu huingia mwilini kwa kiasi kidogo. Tembe za aina hiyo hiyo zina nguvu zaidi, lakini zikimezwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, hasa kwa wazee na kwa wenye kisukari; na katika joto la Pwani, ambako mtu hupoteza maji mengi kwa jasho, figo hizo huwa katika hatari zaidi. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa na inaweza kumvusha mgonjwa katika kipindi kigumu, ilhali haifai kurudiwa ovyo wala kupigwa miezi mitatu ya mwisho kabla ya kubadilishwa kiungo, kwa kuhofia maambukizi. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kwa bei ya juu kwa ahadi ya kuotesha gegedu upya, havijathibitisha ahadi hiyo. Kinachotisha kuliko vyote ni chupa na unga usio na maandishi unaouzwa kama dawa ya mitishamba ya viungo inayoponya kwa siku moja, kwa kuwa katika nchi nyingi vipimo vya maabara vimekuta dawa za namna hiyo zimechanganywa kwa siri na steroidi, ambazo huleta nafuu ya haraka na nyuma yake huacha kisukari, mifupa iliyokonda, na hata ule ule ugonjwa wa kufa kwa kichwa cha fupa la paja.

Hilo halina maana kwamba utabibu wa jadi hauna thamani. Ukandaji kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto hulegeza misuli na humpa mgonjwa faraja ya kuguswa, na watu wa Kwale, wanaoutunza msitu wa Kaya Kinondo na kaya nyingine za Wamijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia, wana elimu ya mimea inayostahili kuchunguzwa kisayansi. Hijama, yaani kuumika damu kwa vikombe, ina watu wengi wanaoiamini. Linalotakiwa ni mipaka iliyo wazi: kiungo chenye joto na uvimbe wa ghafla kisikandwe, mfupa unaodhaniwa kuvunjika usivutwe, na wembe uliotumika kwa mmoja usitumike kwa mwingine. Mkandaji anayeijua mipaka hiyo na kumwambia mgonjwa aende zahanati ni mshirika wa afya ya umma.

Ikiwa hayo yote yamefanywa kwa uaminifu kwa miezi, na bado maumivu humkosesha mgonjwa usingizi na kumzuia kutembea kiasi cha kwenda msikitini, kanisani au sokoni, ndipo swali la upasuaji huja kwa haki yake. Si kila upasuaji una faida. Ule wa kuingiza kamera ndogo ili kuliosha na kulisafisha goti lililochakaa ulipimwa mwaka 2002 huko Houston, Marekani, kwa wagonjwa 180, baadhi yao wakichanjwa ngozi tu bila kusafishwa chochote ndani, na matokeo ya makundi yote yakawa sawa. Kwa mtu wa umri wa kati mwenye mguu uliopinda, mfupa waweza kukatwa na kunyooshwa ili uzito uhamie upande wa goti ulio mzima, na hivyo kuahirisha kiungo bandia kwa miaka. Baada ya hapo ndipo panapofika kubadilisha kiungo chenyewe.

Wazo la kiungo bandia ni la zamani. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin aliwawekea wagonjwa wake magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu, bidhaa iliyokuwa ikisafirishwa kwa wingi wakati huo kutoka bandari za Afrika Mashariki, lakini maambukizi yaliishinda kazi yake. Mafanikio ya kudumu yaliletwa na John Charnley katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, ambaye, baada ya jaribio lake la kutumia teflon kuharibika ndani ya miili ya wagonjwa, mwaka 1962 aliunganisha kichwa kidogo cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu iitwayo polithilini, akavishikiza kwenye mfupa kwa saruji maalumu. Katika goti la leo, mgonjwa aghalabu hupigwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, daktari huondoa sehemu nyembamba ya ncha za mifupa, kwa kawaida takriban sentimita moja, kisha huzifunika kwa kofia ya madini upande wa juu na sahani ya madini upande wa chini, kati yake ikiwekwa plastiki inayochukua nafasi ya gegedu. Goti zima haliondolewi, kinyume na wanavyohofia wengi, na mgonjwa husimamishwa siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Matokeo ni mazuri kwa walio wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba takriban nyonga bandia 58 kati ya 100, na magoti bandia 82 kati ya 100, hudumu miaka 25. Lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa upande wa pili pia: takriban mmoja kati ya watano waliobadilishwa goti hubaki na maumivu au kutoridhika; wagonjwa wachache, kwa kawaida mmoja au wawili katika 100, hupata maambukizi yanayoweza kulazimisha kiungo kitolewe; na damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu ikasafiri hadi mapafuni. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye jino bovu, mvutaji sigara na mwenye upungufu wa damu wanapaswa kutibiwa hayo kwanza. Kijana mwenye selimundu anahitaji maandalizi ya wataalamu wa damu, na aelezwe waziwazi kwamba nyonga aliyowekwa akiwa na miaka 25 huenda ikahitaji kubadilishwa tena katika maisha yake.

Lipo jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa ng'ambo hulipita haraka, nalo ni namna kiungo bandia kinavyokutana na nyumba ya Mdigo au Mduruma. Goti bandia kwa kawaida hujikunja kiasi cha nyuzi 110 hadi 120, ilhali kuchuchumaa juu ya choo cha shimo, kukaa juu ya mbuzi, na kukaa tahiyatu huhitaji zaidi ya hapo. Na aliyewekewa nyonga huenda akaagizwa katika wiki za mwanzo asikae chini sana wala asipishanishe miguu. Kwa hiyo mazungumzo kabla ya upasuaji yaguse choo, mkeka na sala. Sheria ya Kiislamu humruhusu mgonjwa kusali juu ya kiti, na imamu akilitamka hilo mbele ya jamaa zake humwondolea mzigo wa moyo ambao daktari hawezi kuuondoa. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo, ambacho fundi seremala yeyote wa kijijini anaweza kukitengeneza, huamua kama mgonjwa atarudi kwake kwa usalama au ataanguka usiku wa kwanza. Upasuaji uliofanikiwa chumbani ukashindwa chooni hauwezi kuitwa tiba.

Gharama na umbali ndivyo vinavyoifanya haki hii kuwa ya wachache. Kubadilisha kiungo kimoja nchini Kenya hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na bei ya kiungo chenyewe, kinachoagizwa kutoka nje, ni sehemu kubwa ya fedha hizo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kwa wengi kama SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF, waajiriwa wakichangia asilimia 2.75 ya mapato yao na kima cha chini cha mchango kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Mgonjwa anayefikiria upasuaji na adai maelezo ya maandishi kuhusu kiasi kitakacholipwa na mfuko huo na kiasi kitakachobaki juu yake kabla hajauza shamba wala kuitisha harambee. Wenye uwezo huenda Nairobi, Kikuyu, Kijabe au India, na aliyefanyiwa mbali hurudi Lunga Lunga au Vanga akiwa na mshono mbichi na bila mtu wa kumwongoza kukunja goti, katika wiki zile zile ambazo huamua kama kiungo kitajongea au kitakakamaa. Kila aliyewekewa kiungo bandia adai na ahifadhi karatasi yenye aina na namba ya kiungo hicho, kwa sababu daktari wa baadaye hawezi kukirekebisha asichokijua.

Inaumiza kukumbuka kwamba kati ya 2013 na 2024 mchanga wa Kwale wenye madini ya titani ulichimbwa, ukasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani huishia katika rangi, lakini titani yenyewe ni miongoni mwa madini yanayotumika kutengenezea viungo bandia. Kaunti ambayo ardhi yake imetoa mali ya kiasi hicho haiombi hisani inapotaka watu wake waweze kutembea.

Wapo wanaodai kwamba jibu ni kuanzisha upasuaji wa kubadilisha viungo katika hospitali ya rufaa ya Msambweni mara moja. Nia hiyo ni njema, lakini upasuaji huu hutoa matokeo bora pale unapofanywa mara nyingi na timu ile ile, katika chumba kinachodhibiti maambukizi kwa ukali, na idadi ya wagonjwa wa kaunti moja huenda isitoshe kuipa timu hiyo uzoefu. Lililo la busara zaidi ni kaunti 6 zilizo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani kukubaliana kuimarisha kituo kimoja cha upasuaji huo katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Mombasa, na kununua viungo bandia kwa pamoja ili bei ishuke, huku Msambweni ikiwa mahali pa kuwachuja wagonjwa, kuwaandaa, na kuwapokea baada ya upasuaji. Barabara ya Dongo Kundu imekwisha kumpunguzia mgonjwa adha ya kuteremka mteremko wa kivuko cha Likoni kwa magongo katikati ya msongamano. Kituo hicho kianze siku ya kwanza na rejista ya viungo bandia, yaani daftari linaloandika kila kiungo kilichowekwa na kilichoharibika, kama Sweden ilivyoanza kwa magoti mwaka 1975 na Malawi mwaka 2005. Mfano wa Malawi unatosha kuonyesha kwamba umaskini si kisingizio cha kutotunza kumbukumbu.

Lakini kabla ya chumba cha upasuaji, fedha za kwanza ziende chini. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, wafundishwe pia mazoezi ya kiti, matumizi ya mkongojo, na dalili za kiungo kinachohitaji hospitali siku hiyo. Kila kituo cha afya kipate siku ya fiziotherapia inayojulikana na wote, maduka ya dawa yakaguliwe kuhusu dawa za viungo zisizo na maandishi, na kila kijana mwenye selimundu aangaliwe nyonga zake. Gharama ya hayo ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya mvuvi aliyeacha bahari akiwa na miaka 45 au mama asiyeweza tena kufika kwenye vigingi vyake vya mwani.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na huduma za afya za kaunti zimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Wananchi wa Matuga, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, na wafike, na wataje kwa jina fiziotherapia, kliniki ya selimundu na mpango wa pamoja wa viungo bandia, kwa kuwa jambo lisiloandikwa katika bajeti halitatekelezwa.